Mpishi Aliyepewa Kambi

Risala ya Vijana wa Kambi ya Majira ya Baridi ya Sharqiya na Dakhiliya, iliyosomwa siku ya kufunga kambi, shambani, nje kidogo ya Ibra

Mgeni rasmi, Bibi yetu Kuruthum binti Seif. Ustadh Jamaldini, mwalimu wetu wa dini. Wazee wa kamati. Jirani yetu Mzee Hamoud, uliyekubali kukaa nasi leo. Wazazi mliotoka Nizwa, Bahla, Sur na Jalan Bani Bu Ali: Assalamu alaikum. Na kwa wakubwa wetu, yaani karibu nyote, shikamooni.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu. Tumefurahi kukuona, na tumefurahi zaidi kwamba umefika mapema, kwa sababu wewe ukichelewa hakuna anayethubutu kukuuliza, na pilau ingepoa. Sisi tulio mbele yako ni vijana themanini na wanne. Wako kati yetu waliozaliwa hapa hapa, nchi ya Waarabu, ambao mabibi zao walikuja kutoka Unguja na masanduku yao, na Kiswahili chetu sisi hao, kama unavyotwambia kila mwaka, kinachechemea. Wako pia waliokuja juzi juzi kutoka Tanga na Mombasa kufanya kazi majumbani na madukani, na Kiswahili chao kinakimbia hata hatukifikii. Kwa siku kumi tumeswali pamoja na tumekula pamoja, na leo tunafunga.

Risala za kambi yetu umezizoea. Zinaanza na shukurani, zinapita kwenye mahema yaliyochanika, zinaishia kwenye kuomba mahema mapya. Ya mwaka huu ina mtu ndani yake, na mtu huyo unamjua kuliko sisi, kwa kuwa anafanya kazi nyumbani kwako Nizwa, mwaka wa sita sasa. Ni Mwanabaraka binti Jumaa. Tunaomba utuvumilie tukimtaja sana.

TULIKOTOKA

Kambi hii mliianzisha wewe na marehemu mumeo, Sheikh Shamsi, Mungu amrehemu, miaka tisa iliyopita, kwa vijana kumi na tisa na hema moja la kuazima. Mlitaka watoto wa Waswahili wa huku waijue dini yao, waijue lugha ya wazee wao, na wajue kuosha sahani waliyolia. La kwanza na la pili tumejitahidi. La tatu limechukua muda.

Kuanzia mwaka wa pili kiongozi wetu alikuwa Ustadh Ghassan. Alikuwa na sauti ya kumwamsha mtu aliyelala Bahla ilhali yeye yuko Ibra. Tulimpenda, na tulimwogopa vile vile. Mwaka huu kazi ikamhamishia Salala, na siku kumi na mbili kabla ya kambi tukawa hatuna kiongozi.

Kikao cha kamati kilifanyika sebuleni kwako. Sisi hatukuwapo, lakini wazazi wetu walikuwapo, na wazazi wetu wakishaingia kwenye gari hawana siri. Tulisikia kwamba kila aliyetajwa alitoa udhuru: huyu zamu kazini, yule mgongo, mwingine harusi ya shemeji yake ambayo hata bibi harusi hakuwa na habari nayo. Muda wote huo Mwanabaraka alikuwa akizunguka na dele la kahawa. Amekuja kambini miaka mitatu kama mpishi wetu, umemtoa wewe mwenyewe kila mwaka, na kwa hilo tunakushukuru. Wazee wakaulizana magodoro yako mangapi. Akasema tisini na mawili, ila manne yameliwa na panya. Ufunguo wa stoo uko kwa nani? Kwake. Ni mtoto gani yule aliyebanwa na pumu mwaka juzi? Akamtaja, akamtaja na mama yake, akaeleza na dawa yake iwekwe wapi. Kila jibu lilitoka upande wa kahawa, mpaka wewe ukasema, "Basi si huyu hapa anayejua?"

Ndipo mzee mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa leo amekaa safu ya mbele na amepiga kilemba kizuri, akasema kwamba mpishi hapewi watoto wa watu. Ukafikiri kidogo, Mgeni rasmi, ukasema, "Atakaimu. Mkubwa atatafutwa."

Neno hilo lilimfuata mpaka jikoni. Ametusimulia kwamba aliweka sinia chini akakaa juu ya gunia la mchele. Alifurahi, na aliogopa, na hakujua lipi limetangulia. Akamtumia mama yake aliyeko Pangani ujumbe wa sauti: wamenipa watoto themanini na wanne. Mama yake akamjibu kwamba kwanza washibe, mengine yatafuata. Kwa hivyo alikuja Ibra akiwa na shauri moja tu la uongozi, na lilikuwa shauri la chakula.

SIKU MBILI ZA MWANZO

Zamani tulilala kwa miji. Nizwa na Nizwa, Sur na Sur, na waliokuja kufanya kazi hema lao lilikuwa karibu na jiko, wala hatukuwahi kujiuliza kwa nini. Mwanabaraka alikuwa ametupakulia miaka mitatu. Alijua nani hula na nani, nani hujitenga na sahani yake, na nani huambiwa hapa pamejaa ilhali hapajajaa. Basi akatupanga kwa masinia: wavulana kwao, wasichana kwao, watu sita sinia moja, na wanaokula sinia moja ndio wanaolala hema moja, wanaofagia pamoja na kudurusi pamoja. Mtoto wa daktari wa Nizwa akajikuta na kijana anayeendesha gari la maziwa Jalan. Siku ya kwanza walipeana migongo. Siku ya tatu walikuwa wanagombania ukoko.

Lakini tuseme ukweli, kwa sababu risala ya uongo ni kazi bure. Tuliufuata mpango wake, yeye mwenyewe hatukumfuata. Tukitaka ruhusa tulikwenda kwa Ustadh Jamaldini, naye aliturudisha kwa Mwanabaraka, nasi tukaenda kwa shingo upande. Alikuwa amejifunga kanga yake ya jikoni, na amri alizitoa kwa sauti ile ile aliyokuwa akituuliza kama tumeshiba. Aliliona hilo. Akaendelea na kazi.

CHANGAMOTO, YAANI KOSA LETU

Shamba hili lina birika la kuogelea, na wengi wetu tulijiandikisha kwa ajili ya birika. Tuliambiwa litajazwa siku ya tano, zamu ya maji ya shamba itakapofika. Siku ya tatu subira ikatuisha. Sisi tumekulia kwenye maji ya bomba. Tuliiona falaji, huu mfereji unaoyaleta maji kutoka chini ya mlima na kuyapitisha shamba kwa shamba, inapita mchana kutwa, maji safi, hayana mtu, tukadhani maji yanayopita ni ya aliye karibu. Baada ya swala ya alasiri vijana wanane wakaiziba kwa magogo ya mtende, na magogo yalipovuja wakashindilia godoro. Maji yakageuka, yakaingia kwenye birika, nasi tukaruka na nguo zetu. Wavulana wote waliingia, na wasichana walikaa ukingoni na miguu ndani, kwa hivyo tunasema ni sisi sote. Na anayekusomea risala hii, Firas wa Bahla, ndiye aliyelileta godoro.

Maji yale yalikuwa ya Mzee Hamoud. Saa ile ilikuwa saa yake, nayo humjia mara moja kwa wiki. Alikuwa shambani kwake na jembe mkononi, akiutazama mfereji mkavu. Akaufuata kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka akatukuta, mmoja wetu ana povu la shampuu kichwani. Alisimama akatutazama.

"Wen mkubwa wenu?" akauliza, yaani yuko wapi. Kiswahili anacho kidogo, cha mama yake.

Sote tukamwonesha Ustadh Jamaldini. Mgeni rasmi, hilo linatuuma mpaka leo kuliko hata maji. Ustadh akatikisa kichwa, akageukia jikoni, na Mwanabaraka akatoka. Alikuwa akimenya vitunguu, macho mekundu, kisu bado mkononi. Akakiweka chini, akamwamkia mzee, akasema mkubwa ndiye yeye. Mzee Hamoud akaitazama ile kanga.

"La, binti yangu. Nnamtaka mkubwa, simtaki mpishi."

"Mpishi ni mimi na mkubwa ni mimi, babu," akasema. "Lakini maji hayakuchukuliwa jikoni. Kosa la maji ni la mkubwa, kwa hivyo sema na mkubwa."

Mikono aliizungusha ndani ya kanga. Sisi tulidhani ni adabu. Baadaye alitwambia ilikuwa hofu, na hakutaka tuione.

Mzee akasema atakwenda kwa wakili wa falaji, yule mzee wa kijiji anayesimamia zamu, na kabla ya Ijumaa tutakuwa tumetoka shambani. Ilikuwa haki yake. Nasi tulijua nini kingefuata. Kambi ingefungwa siku ya tatu, mara ya kwanza kuongozwa na Mwanabaraka, na hakuna ambaye angeuliza habari ya godoro. Wangesema, "Ni mpishi, si tulisema?" Yeye angerudi Nizwa, na kambi isingempata tena hata kwa kupika.

Mmoja wetu akashauri tuagize gari la maji tumlipe mzee maji yake. Mwanabaraka akasema gari litalipa maji, halilipi zamu. Mwingine alikuwa ameshatoa simu na jina lako liko juu ya kioo, Mgeni rasmi, maana kwa jina lako Sharqiya nzima ingetuwia radhi. Akamwambia airejeshe mfukoni.

"Bibi akituokoa leo, kesho mtaziba tena," akasema. "Na mimi hapo nitakuwa kaimu kweli kweli."

Kisha akamgeukia mzee, akamuuliza maji yale yangenywesha nini. Mzee akajibu: mitende arubaini na kitalu cha majani ya ng'ombe. Akamwambia, zamu ya shamba letu ni keshokutwa, ichukue yote, ndiyo hiyo iliyokuwa ya birika. Sauti ikatutoka, hatukuweza kuizuia. Akatutazama bila hasira, akasema, "Nyinyi mmekwisha kuogelea."

Alasiri ile ile tukalikausha birika kwa mikono. Tulipanga mstari kutoka birikani mpaka kwenye mitende ya Mzee Hamoud, watu themanini na wanne, kwa ndoo na masufuria, na mbele ya mstari alikuwa Mwanabaraka na sufuria lake la wali. Tulimwagilia mpaka magharibi. Chakula tulikila na vitunguu vibichi, kwa sababu hakuna aliyerudi kuvikaanga, na hatujawahi kula chakula kitamu kama kile.

Asubuhi yake akawachukua wale wanane, wakaenda kwa wakili kukiri kosa na kumwomba ayaandike mabadilishano ya zamu. Wakili akatazama kundi lile, akauliza nani kiongozi. Wanane wakajibu kwa mara moja: huyu. Firas anaapa kwamba hata godoro lingekuwapo lingejibu.

MAFANIKIO

Birika likabaki kavu, na kavu lile likatufaa kuliko maji. Lina kivuli mchana na ngazi za kukalia, basi Ustadh Jamaldini akahamishia darasa ndani yake. Humo tumesoma, humo tumefanya mashindano ya kasida, humo sinia namba mbili waliigiza mchezo wa mtu na godoro, na Firas akalazimishwa kucheza godoro. Vijana thelathini na mmoja wamehifadhi juzuu nzima. Huwaida wa Sur, aliyefika akijua kusema "sijui" tu, amemwandikia bibi yake barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili, na bibi yake amempigia simu kutaka kujua nani amemwandikia. Mtoto wa pumu anarudi nyumbani mzima. Sahani, Mgeni rasmi, zinaoshwa, nenda kazitazame.

Wale wanane walikwenda kwa Mzee Hamoud kila alasiri, mwanzoni kwa adhabu, halafu kwa hiari. Amewafundisha namna ya kuifungua zamu na kuifunga, na kwamba maji ya kunywa na ya kutawadha ni ya kila mtu, bali ya shamba yana mwenyewe, dakika kwa dakika. Siku ya saba sote tuliingia mferejini tukazoa tope, hatua mia tatu, kutoka shambani kwetu mpaka kwake. Mwanabaraka aliingia wa kwanza akatoka wa mwisho. Tangu siku hiyo hapana aliyekwenda kwa Ustadh kuomba ruhusa. Akisema kaeni tumekwisha kukaa, akisema inukeni tumekwisha kuinuka, na sauti yake ni ile ile ya kuuliza kama tumeshiba.

Sasa sikiliza la jana. Saa ya Mzee Hamoud ilikuwa imerudi, wiki imetimia. Tulikuwa ndani ya birika tukiiandika risala hii, tunabishana kama tuanze na mahema. Akatokea juu yetu na jembe, akatwambia tutoke. Tukatoka mbio, tukijiuliza tumekosa nini tena. Akashuka mferejini, akapiga jembe mara mbili, na maji yakaja. Nusu saa ya maji yake mwenyewe, na mitende yake ikingoja. Yalifika magotini, si zaidi. Wa kwanza wetu alipotaka kuruka, akamzuia kwa mpini wa jembe.

"Hii si yenu," akasema. "Hii ya mkubwa wenu."

Mwanabaraka alikuwa mlangoni mwa jiko. Alikuja pole pole, akavua makubadhi, akashuka ngazi na nguo zake, akasimama katikati ya birika peke yake. Alicheka, akajifunika uso kwa kanga, akacheka tena. Tulilia, Mgeni rasmi, na atakayesema ni maji yaliturukia atakuwa mwongo. Kisha akatuita, masinia yote kumi na manne, moja baada ya jingine, wasichana kwanza, na kijiji kizima kikasikia. Wakili ametuma salamu kwamba mwakani tukichelewa kuja atauliza sababu.

MAOMBI

Maombi yetu ni machache. Mahema manne yamechanika, lakini tunayataja kwa mazoea tu, tunaweza kuyashona.

La pili ni neno kaimu. Tunaomba litolewe. Ulisema mkubwa atatafutwa, nasi hatukukutilia shaka. Umekwisha kumpata, alikuwa nyumbani kwako.

La tatu ni gumu zaidi. Kiongozi wa kambi anahitaji siku za kutayarisha, kuja Ibra kuonana na wakili, kuwatembelea wazazi, kukaa na Ustadh kupanga masomo. Tunaomba wiki mbili kabla ya kambi, kila mwaka, awe mtu wa kambi, na ziandikwe kwenye mkataba wake kama haki yake, isiwe hisani ya mwaka huu peke yake. Tunajua nyumba yako haikosi wageni, na sambusa hazijikunji zenyewe. Kwa hivyo masinia ya Nizwa na Bahla yamejiandikisha kuja kwako kwa zamu siku hizo, kufagia, kuosha na kukunja sambusa. Majina yote yako nyuma ya karatasi hii. Hatuahidi kwamba zitakuwa na pembe tatu.

La mwisho ni la sasa hivi. Kulia kwako pana kiti kitupu. Hakuna mgeni aliyechelewa. Ni kiti cha kiongozi wa kambi. Asubuhi hii tumemwita mara tatu, na mara tatu amesema hawezi kukaa kiti sawa na Bibi mbele za watu, na kwamba lazima aitazame pilau. Pilau inatazamwa na sinia namba tisa. Yeye amesimama nyuma yako, mlangoni mwa jiko, na hivi ninavyosoma ananikonyeza niruke mistari hii. Mimi Firas nimemwasi mara moja tu tangu siku ile ya wakili, na ndiyo hii.

Sisi hatuwezi kumwamuru akae, Bibi yetu. Anayeweza ni wewe tu, na ni neno moja. Viti vyetu viko nyuma yetu na hakuna aliyevikalia. Hatutakaa kabla yake.

Mwenyezi Mungu akupe umri na afya, amrehemu Sheikh Shamsi, asiikaushe falaji ya jirani zetu, awarejeshe wazazi wetu majumbani salama. Na kiongozi wetu ampe pa kukaa.

Ni sisi, tungali tumesimama,

Vijana wa Kambi ya Majira ya Baridi ya Sharqiya na Dakhiliya,
masinia kumi na manne,
chini ya uongozi wa Mwanabaraka binti Jumaa.